Kiti Kimoja kwa Mtu Mmoja

Wahenga walinena, mshika mbili moja humponyoka. Kule Ukraine hiyo si methali tu, ni katiba: mbunge akitaka kuwa waziri, sharti akiachilie kiti chake. Sisi Wakenya tuliingia katika utaratibu kama huo kwa katiba ya 2010. Hebu tumtazame Rustem Umerov.

Yeye ni Mtatari wa Crimea, tena Mwislamu. Mnamo Mei 1944 serikali ya Stalin iliwapakia Watatari wa Crimea kwenye mabehewa ya mizigo, wazee kwa watoto, ikawatupa mbali, wengi wao Uzbekistan. Ndiyo maana Umerov alizaliwa Samarkand mwaka wa 1982. Jamaa yake ilirudi Crimea alipokuwa mtoto, halafu mwaka wa 2014 Urusi ikaiteka. Jamani, nchi moja kunyang'anywa mara mbili!

Mwaka wa 2019 aliingia bungeni kwa orodha ya chama cha Holos. Vita vya 2022 vilipozuka, akawa mmoja wa waliozungumza na Warusi. Pia alishiriki katika mapatano ya Istanbul ya Julai 2022 yaliyofungulia meli za nafaka njia ya Bahari Nyeusi. Msidhani hayo ni mambo ya mbali. Ngano ya huko huja kwetu pia, ikawa chapati.

Septemba 2022 aliacha ubunge ili asimamie mfuko wa mali ya serikali. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 6 Septemba 2023, wabunge 338 kati ya viti 450 walimwidhinisha kuwa Waziri wa Ulinzi. Aliikuta wizara imechafuka jina. Mkataba mmoja ulikuwa umetaja yai moja la wanajeshi kuwa hryvnia 17, na madukani lilikuwa kama 7!

Wenzangu darasani husema waziri asiye na kiti hamwogopi mwananchi. Mimi nakataa. Huko bunge ndilo humpa waziri kazi, na ndilo humwondoa.

Januari 2025 naye alilaumiwa alipokataa kuongeza mkataba wa mkuu wa shirika la kununua silaha. Julai mwaka huo akatoka wizarani, Rais akamteua katibu wa Baraza la Usalama wa Taifa na Ulinzi. Bungeni hakuwa na mahali pa kurudi. Ukraine mbunge wa orodha akiondoka, hakuna uchaguzi mdogo kama wetu. Anayemfuata kwenye orodha ndiye huitwa.