Kiti Kikiachwa Wazi Katika Baraza la Juu

Kila baraza hupatwa na jambo lisiloepukika: mjumbe hufa, au huugua, au huiacha kazi yake kabla muda wake haujaisha. Je, ni nani atakayekikalia kiti chake? Na ni nani mwenye haki ya kumchagua? Katika somo hili tutatazama jinsi jambo hili lifanywavyo katika New South Wales, jimbo mojawapo la Australia, na sababu za kufanywa hivyo.

Bunge la New South Wales lina mabaraza mawili. Katika Baraza la Chini kila wilaya hupeleka mjumbe wake mmoja. Baraza la Juu lina wajumbe 42, na muda wao ni miaka 8. Kila miaka 4 nusu yao, yaani watu 21, huchaguliwa. Wajumbe hawa hawana wilaya, bali jimbo zima ni wilaya yao, na viti hugawanywa kwa kadiri ya kura ambazo kila chama kimepata. Kwa hiyo hata chama kidogo chaweza kupata mjumbe.

Ama msomaji atauliza: Kwa nini watu wasiitwe kupiga kura tena? Katika Baraza la Chini ndivyo ifanywavyo. Vilevile katika Baraza la Juu la Tasmania, lenye wajumbe 15, watu hupiga kura tena, kwa kuwa kila mjumbe ana wilaya yake, na watu wale wale waliomchagua wa kwanza ndio wamchaguao wa pili.

Lakini fikiri mfano huu. Nchi moja ina watu 1,000: wakulima 600, wafugaji 300, na wavuvi 100. Wachagua wazee 10 kwa kadiri ya hesabu yao: wakulima wapata 6, wafugaji 3, na wavuvi 1. Mzee wa wavuvi akafa. Wote 1,000 wakiitwa kujaza kiti kimoja kile, wakulima watashinda, maana ndio wengi. Hivyo wavuvi watakosa mjumbe, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyegeuza nia yake. Kifo cha mtu mmoja kitakuwa kimewanyang'anya watu 100 haki yao.

Kwa sababu hiyo New South Wales hufuata njia nyingine. Kiti kikiwa kitupu, Gavana huyaita mabaraza yote mawili kukutana pamoja, na mkutano huo humchagua mtu wa kukijaza. Ikiwa mjumbe aliyetoka alichaguliwa kwa jina la chama fulani, sharti huyu naye awe mtu wa chama hicho. Huyo hapewi miaka 8 mipya. Humaliza muda uliobaki tu. Victoria na South Australia nazo hutumia mkutano wa mabaraza mawili.

Kwa nini sharti hilo la chama likaandikwa katika sheria? Kwanza yafaa kutazama yaliyotokea mwaka wa 1975 katika Seneti, ambayo ndiyo Baraza la Juu la Australia nzima. Wakati ule Bunge la kila jimbo ndilo lililojaza viti vya jimbo lake katika Seneti, na ilikuwa desturi kumchagua mtu wa chama kile kile. Lakini desturi si sheria. Mwezi wa Juni mwaka ule alikufa Bertie Milliner, mjumbe wa Queensland wa chama cha Labor. Chama chake kilimtaja Mal Colston, lakini Bunge la Queensland lilimkataa, likamchagua Albert Field, mtu wa Labor aliyempinga Waziri Mkuu wa chama chake mwenyewe, Gough Whitlam.

Uchaguzi wa Field ulipingwa mahakamani, naye hakuweza kupiga kura mwezi wa Oktoba. Hivyo wapinzani wa Serikali wakawa 30 kwa 29, wakazuia fedha za matumizi ya Serikali. Kama kura zingalikuwa sawasawa, shauri lao lingaliangushwa. Tarehe 11 Novemba 1975 Gavana Mkuu, Sir John Kerr, akamwondoa Whitlam katika kazi yake. Tazama basi jinsi kiti kimoja kilivyoweza kutikisa nchi nzima.

Mwaka wa 1977 watu wa Australia waliulizwa kwa kura, na majimbo yote 6 yakakubali kuigeuza Katiba: ajazaye kiti cha Seneti awe mtu wa chama cha aliyetoka; na akiacha chama hicho kabla ya kushika kiti chake, ahesabiwe kuwa hakuchaguliwa. Desturi ikawa sheria.

Wako wasemao kwamba njia hii huwapa wakuu wa vyama nguvu nyingi, kwa kuwa wao ndio wamtajao mtu, na mkutano hukubali tu. Neno hilo lina ukweli. Lakini yapasa kukumbuka kwamba kiti si mali ya aliyekikalia, wala si mali ya wale wamchaguao wa kumfuata. Ni amana ya watu waliopiga kura, na amana hurudishwa kwa mwenyewe.