Ukipotelewa na dirisha, tazama chini

Mama mdogo ni mweka hazina wa kikoba chao. Mwaka jana aliniomba nimfundishe kompyuta ili apumzike na madaftari. Siku ya kwanza nikamwanzishia na aikoni: hii ni folda, lile ni pipa la taka. Alizishika zote. Kesho yake akanipigia simu, sauti inatetemeka: "Mwanangu, hesabu za watu zimepotea!"

Hazikupotea. Alikuwa amebofya ile alama inayofanana na ya kutoa, juu kulia mwa dirisha, nalo dirisha likashuka. Hakujua alitafute wapi.

Tangu siku hiyo, ninayemfundisha Windows namwanzishia na upau wa chini ya skrini. Upau huo ulikuja na Windows 95, pamoja na kitufe cha Start, na mpaka leo upo. Programu ikiwa wazi, aikoni yake huonekana pale ikiwa na kistari chini yake. Ukikiona kistari, kazi yako ipo. Bofya, dirisha litarudi kama ulivyoliacha.

Hapo ndipo vile vitufe vitatu vya juu vinapoeleweka. Cha kwanza hushusha dirisha, cha mraba hulitandaza lijae skrini, na X hulifunga. Usivikariri, vifanyie mazoezi: fungua Word, andika jina lako, shusha dirisha, lirudishe, litandaze. Rudia hata mara kumi. Mwishoni bofya X, na swali la kuhifadhi likitokea, lisome lote kabla hujajibu.

Kitufe cha Start kisikusumbue. Kwenye Windows 11 kimesogezwa katikati, zamani kilikaa kona ya kushoto. Kazi ni ileile. Kona ya kulia utaona saa, intaneti na sauti.

Madirisha yakikuzidia, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na D, yote yatashuka ubaki na eneo-kazi. Aikoni yenye mshale mdogo ni njia ya mkato tu. Ukiifuta, programu yenyewe inabaki.

Pipa la taka nalo lina mpaka wake. Faili ulilolifuta kwenye kompyuta kwa kawaida unaweza kulirudisha kutoka humo, lakini la kwenye flashi halipiti pipani, linafutika moja kwa moja. Kwa hiyo hesabu za kikoba tunaziweka kwenye kompyuta kwanza, na flashi inabeba nakala.