BULONI MOJA, NAMBA MOJA, GHALA MOJA



Kila mama anajua hatari ya makopo mawili yanayofanana jikoni, moja la chumvi na lingine la soda ya kufulia, yote mawili bila maandiko. Siku moja mukono utakosea. Katika kazi pia kuna makopo ya namna hiyo. Leo tutazungumza juu ya kopo ambalo wengi wetu hatulioni, sababu limo ndani ya kompyuta za wachoraji wa plani.

Zamani plani ilichorwa kwa kalamu juu ya meza kubwa. Siku hizi muchoraji anatumia programu. Moja inayojulikana sana ni SolidWorks, iliyotoka mwaka 1995. Muchoraji hachori kila buloni upya. Ndani ya programu kuna sanduku la vipande linaloitwa Toolbox, lenye buloni, ekru na rondele za kila kipimo. Anachagua moja, anaiweka fasi yake katika plani. Kutoka plani, namba ya buloni inakwenda magazini. Kutoka magazini, buloni yenyewe inafika mukononi mwako, wewe unayefunga kizuizi cha mukanda wa kubeba mawe.

HATARI IKO WAPI?

Hatari inaanza wakati kila kompyuta ina sanduku lake. Muchoraji mumoja anaongeza buloni, mwenzake anabadilisha namba, wa tatu habadilishi kitu. Halafu plani ya yule wa kwanza inafunguliwa kwa kompyuta ya yule wa tatu. Kipimo kilichochaguliwa hakimo katika sanduku lake, na programu inaonyesha kipimo kingine. Wachoraji wanajua ajabu hii: buloni ndogo inageuka kubwa kama pipa. Kosa kubwa namna hiyo kila mutu analiona, nalo linatengenezwa. Kosa dogo ndilo linalopita bila kuonekana.

Angalia mufano. Chukua buloni mbili za M16. Moja imeandikwa 8.8 juu ya kichwa, nyingine 4.6. Unene ni mumoja, filete ni moja. Lakini ile ya 8.8 ikivutwa inashika uzito wa zaidi ya tani 12 mbele ya kukatika, na ile ya 4.6 inashika nusu tu. Tena, buloni ya inchi 5/8 ina unene wa milimeta 15,875. Macho yako hayawezi kuitenga na M16, lakini filete zake ni nyingine.

Tarehe 10 Juni 1990, ndege aina ya BAC One-Eleven ilitoka Birmingham, Uingereza, kwenda Malaga, Uhispania. Ilipokuwa bado inapanda, kioo cha mbele cha rubani kiliruka. Upepo ulimuvuta rubani nje mpaka kiunoni, na wenzake wakamushika miguu. Rubani wa pili aliteremusha ndege Southampton, na kwa bahati hakufa mutu. Uchunguzi ulionyesha nini? Kioo kilifungwa kwa buloni 90, na 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, kwa milimeta 0,66 tu. Zilichaguliwa kwa kulinganisha kwa macho na zile za zamani, bila kufuata buku ya vipande.

Buku ya vipande ndiyo ghala tunalosema. Ni lazima liwe moja, na liwe la kweli.

NAMNA YA KUTENGENEZA GHALA MOJA

1. Chagueni kompyuta moja iwe serveri. Kazi yake ni kutunza vipande na kuvigawia wengine kwa mutandao wa kampuni. Muiweke katika chumba kinachofungwa, chenye baridi, bila vumbi, pamoja na batri ya kuishikilia umeme ukikatika.

2. Wekeni Toolbox nzima katika serveri ile. Kisha katika kila kompyuta ya muchoraji, fungueni fasi ya kupanga programu, muonyeshe njia ya kufika kwenye serveri. Isibaki hata kompyuta moja inayoangalia sanduku lake la zamani.

3. Wachoraji wote watumie toleo moja la programu. Toleo jipya likisha kugeuza sanduku, toleo la zamani haliwezi tena kulitumia. Basi badilisheni wote siku moja, baada ya kutunza nakala.

4. Wote wasome, lakini mutu mumoja au wawili tu waandike. Toolbox ina neno la siri kwa ajili hiyo. Mulinzi wa ghala atengeneze mapema vipimo vyote vya lazima. Vikitengenezwa wakati wa kuchora, kila mutu atataka ruhusa ya kuandika, na fujo itarudi.

5. Kila kipimo kipewe namba ile ile ya magazini, pamoja na nguvu yake, 8.8 au nyingine. Kipimo kisichokuwa magazini kifichwe, muchoraji asikichague.

6. Kipande kilichoachwa musikifute, sababu plani za zamani zinakitafuta. Kiandikwe: KISITUMIKE. Namba yake isipewe kipande kingine.

7. Tunzeni nakala kila siku, na moja ikae mbali na jengo lile. Mara kwa mara mujaribu kuirudisha. Nakala isiyojaribiwa si ya kutegemea.

NA WEWE FUNDI?

Wewe usiye na kompyuta, kazi yako si ndogo. Mbele ya kufunga, soma namba ya plani, soma namba ya sanduku la magazini, soma kichwa cha buloni. Zote tatu zikipatana, funga. Moja ikikataa, simama, muite mukubwa wa kazi. Usiseme: « Inafanana, itatosha. » Usitafute nyingine katika kopo la buloni za zamani.

Mukubwa wa kazi naye asimukaripie mutu aliyesimamisha kazi kwa kuuliza. Ampelekee mulinzi wa ghala habari siku ile ile, ili kosa litengenezwe katika serveri. Likitengenezwa kule mara moja, limetengenezwa kwa kila muchoraji. Likitengenezwa kwa kalamu juu ya plani moja tu, kesho litarudi kwa mwenzako, na huenda yeye hatauliza.

Mwenzako huyo ana bibi na watoto wanaongoja mulango ufunguliwe jioni, kama wako.

SOMA NAMBA MBELE YA KUFUNGA. MACHO PEKE YAKE HAYATOSHI.