Uchovu wa Mama Mjamzito

Mama mjamzito akisinzia mchana tusimwite mvivu. Mwili wake unatumikia watu wawili, na katika miezi 3 ya kwanza na ile ya mwisho uchovu huzidi. Mume na achote maji, watoto walete kuni, naye alale kidogo.

Lakini tuangalie vema. Viganja vikipauka, moyo ukimwenda mbio, akihema kwa kazi ndogo, huenda damu imepungua. Hapo kulala hakutoshi: aende kliniki akapimwe damu na malaria. Vidonge vya kuongeza damu avimeze kila siku kama alivyoagizwa, wala asivimeze kwa chai, kwani chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Mimba hatuwezi kumtua, ndoo twaweza.