Kuzunguka msitu kwa miguu: piga hesabu kabla ya kufunga raba

Darasa letu safari hii ni la miguu. Likizo ya Juni ikifika lazima kikundi fulani kitasema, "Jamani, twendeni tukazunguke Rumanyika siku nzima!" Wazo ni bomba. Mwili unachangamka, mawazo yanapungua, na unaona nchi yako. Ila safari ya namna hiyo huharibikia au hutengenezekea nyumbani, mezani, kwa karatasi na kalamu.

Elewa kwanza unakokwenda. Lile lililokuwa Pori la Akiba la Rumanyika Orugundu lilipandishwa hadhi mwaka 2019 likawa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe. Mwaka huohuo Ibanda ikawa Ibanda-Kyerwa, na mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yakaunganishwa kuwa Burigi-Chato. Kwa hiyo huingii tu kama unavyoingia shambani kwa babu kuchuma kahawa. Kuna kibali, kuna kiingilio, na ukitembea kwa miguu unakwenda na askari wa hifadhi mwenye silaha. Nyati hajui kwamba wewe ni mwanafunzi. Andikeni barua mapema kupitia shule au serikali ya kijiji, mtaje idadi yenu na umri wenu, muulize gharama, na njia mpangiwe na watu wa hifadhi wenyewe. Kupenya kwa njia za panya mkijiona wajanja ni kuchemsha. Mnaweza kukamatwa kama majangili, na mkipatwa na jambo hakuna anayejua mlipo.

Haya, tupige hesabu. Kwenye ramani ya vipimo vya 1:50,000, sentimita 1 ni nusu kilomita. Chukua uzi, ulaze juu ya njia ukifuata kila kona, kisha uupime kwa rula. Ukipata sentimita 48, mzunguko wenu ni kilomita 24. Barabarani kijana mzima anatembea kilomita 4 au 5 kwa saa, lakini Karagwe ni nchi ya vilima, na porini kuna nyasi, mawe na kusimama kuangalia nyani. Wekeni kilomita 3 kwa saa. Hapo ni saa 8 za kutembea. Ongeza saa 2 za kupumzika na kula, jumla saa 10. Mkianza saa 1 asubuhi mtamaliza saa 11 jioni. Huku kwetu magharibi jua linachelewa kuchomoza na linachelewa kuzama, karibu saa 1 jioni, kwa hiyo mna akiba ya saa 2. Akiba hiyo msiile kwa kuchelewa kuondoka!

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Njia ya kwenda na kurudi inasamehe: ukichoka unageuka. Njia ya mzunguko haisamehi, kwa sababu ukishapita nusu, kurudi nyuma ni mbali kuliko kwenda mbele. Kwa hiyo saa ya kugeuka inapangwa kabla, na kila mtu anaijua. Kwa mfano wetu, saa 6 mchana muwe kilomita ya 12. Tuseme saa hiyo imefika nanyi mko kilomita ya 9 tu. Mtu atasema, "Tukazane tu, tutafika." Mwambie apige hesabu. Kilomita 9 zimewachukua saa 5. Mbele zimebaki 15. Kwa mwendo huohuo ni saa 8 na dakika 20, yaani mtatoka saa 2 na dakika 20 usiku, gizani, pamoja na chui. Mkigeuka, saa 11 jioni mko nje. Kiongozi wa kikundi asiwe yule mwenye misuli. Awe yule anayeweza kusema "tunarudi" bila kuona haya mbele ya wasichana.

Na saa hiyo msiitazame kwenye simu peke yake. Ukiwa karibu na mpaka, simu inaweza kunasa mtandao wa Rwanda, na saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa nzima. Unaona saa 5, kumbe hapa ni saa 6. Vaa saa ya mkono.

Maji: kwa siku kama hiyo kila mmoja abebe lita 3 hadi 4. Ni mzigo wa kilo 3 au 4, tunajua, lakini kadiri unavyokunywa unapungua. Yachemshwe nyumbani yatokote hasa. Beba pia mfuko wenye vijiko vidogo 6 vya sukari, vya kusawazisha, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mwenzenu akiharisha au akitapika, koroga kwenye lita 1 ya maji safi anywe kidogo kidogo. Chakula mnakijua wenyewe: ndizi za kuchoma, mayai ya kuchemsha, karanga. Rubisi na gongo vibaki kijijini. Pombe inakausha mwili, na mlevi hamwoni nyoka.

Tuje kwenye miguu. Mwaka 1861 Wazungu wawili, Speke na Grant, walifika Karagwe kwa Mukama Rumanyika, huyu ambaye hifadhi imepewa jina lake. Januari 1862 Speke aliendelea kwenda Buganda. Grant alibaki, kwa sababu mguu wake ulikuwa umevimba na kutoa usaha, na alipoondoka, miezi kadhaa baadaye, alibebwa kwenye machela. Mtu aliyevuka nusu ya Afrika alisimamishwa na mguu mmoja! Basi usivae raba mpya siku ya safari. Zivae wiki mbili kabla. Soksi mbili, moja ya akiba. Ukihisi pale kisiginoni panaunguza, simama papo hapo ubandike plasta, usingoje lengelenge. Katika mfuko wa huduma ya kwanza wekeni glavu, ili damu ya mwenzako usiiguse kwa mikono mitupu, na pedi, kwani hedhi haiangalii ratiba. Aliyeumwa na nyoka msimchanje wala msimfunge kamba. Atulie, mguu usitikiswe, abebwe hospitali.

Mbung'o huuma mchana na hupenda rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo vaa kaki, mikono mirefu, kitambaa kizito. Anaweza kuleta malale. Mbu wa malaria ni wa usiku, na mkilala huko chandarua ni lazima.

Mapangoni usiingie, hata kama ndani ni baridi na mvua inanyesha. Ugonjwa wa Marburg ulizuka mkoani kwetu Bukoba mwaka 2023 na Biharamulo mwaka 2025, nao watu walikufa. Virusi vyake hukaa kwa popo walao matunda, wale wanaojazana mapangoni. Mzoga nao usiguswe, wala tunda lililotafunwa na popo.

Ukisharudi nyumbani, kazi haijaisha. Malaria hujitokeza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, na malale yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Ukipata homa au uvimbe wenye maumivu pale ulipoumwa, nenda zahanati ukapimwe, na mwambie mganga kwamba ulikuwa porini, lini na upande gani. Usipomwambia atakupima malaria, haipo, atakurudisha nyumbani.

Zoezi la kikundi: Uzi wenu umetoa sentimita 36. Mnatembea kilomita 3 kwa saa, mnapumzika saa 1 na nusu, na askari amesema mtaanza saa 2 asubuhi. Mtamaliza saa ngapi? Mkiigawa safari nzima nusu kwa nusu, saa ya kugeuka ni ipi? Na mtu wa nyumbani mtakayemwachia karatasi yenye majibu hayo ni nani, na ikifika saa ngapi hamjatokea aende kutoa taarifa?