Padre José Maurício na Shule Yake ya Muziki

Katika nchi ya Brazili, iliyoko Amerika ya Kusini, jina la José Maurício Nunes Garcia lina heshima kubwa miongoni mwa watu wapendao muziki. Mtu huyu alizaliwa mjini Rio de Janeiro tarehe 22 Septemba, 1767. Zamani hizo Brazili ilitawaliwa na Wareno, watu wale wale walioanza kujenga ngome ya Mombasa mwaka 1593. Na kazi za mashamba na migodi zilifanywa na watumwa waliotolewa Afrika. Wazazi wa José Maurício walikuwa chotara, tena watu huru, lakini bibi zake walikuwa watumwa.

Baba yake alikufa mwaka 1773, mtoto akiwa bado mdogo. Mama yake hakuwa na mali, walakini alihakikisha kwamba mwanawe anafundishwa muziki. Mtoto alijaliwa sauti nzuri na akili nyepesi, na mwaka 1783, alipokuwa kijana wa miaka kumi na sita hivi, alitunga wimbo wake wa kwanza wa kanisa.

Alipotaka kuwa padre alikuta vizuizi viwili. Kwanza, sheria za Kanisa za siku zile zilihesabu rangi yake kuwa ni kasoro, hata ikampasa kuomba ruhusa maalum. Pili, padre alitakiwa awe na mali yake mwenyewe, naye hakuwa nayo. Ruhusa ikapatikana, na mfanyabiashara mmoja akampa nyumba katika mtaa wa Rua das Marrecas. Basi mwaka 1792 akawekwa kuwa padre, na mwaka 1798 akafanywa mkuu wa muziki katika kanisa kuu la Rio.

Nyumba ile aliyopewa aliigeuza kuwa shule. Alifundisha vijana muziki bila kuwatoza hata senti moja. Inasimuliwa kwamba shule ile haikuwa na kinanda, kwa hiyo mwalimu na wanafunzi walitumia gitaa lenye nyuzi za chuma.

Mwaka 1808 Dom João, mtawala wa Ureno, aliwasili Rio pamoja na watu wa baraza lake, wakiyakimbia majeshi ya Napoleon. Mtawala huyo aliupenda sana muziki wa Padre José Maurício. Akamweka kuwa mkuu wa muziki katika kanisa lake la kifalme, na mwaka 1809 akamtunukia nishani ya Kristo. Lakini baadhi ya wakuu waliotoka Ureno walimdharau kwa ajili ya rangi yake. Mwaka 1811 akaja kutoka Lisbon mtungaji mwenye sifa nyingi, Marcos Portugal, na tangu hapo kazi kubwa za ikulu zikamwendea mgeni huyo.

Padre hakuacha kutunga. Mwaka 1816 alikufa Malkia Maria wa Ureno, na siku ile ile akafa mama yake José Maurício. Mwaka huo alitunga Misa ya Wafu, ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo bora kuliko kazi zake zote. Kisha mwezi wa Desemba 1819 aliongoza mjini Rio Misa ya Wafu ya Mozart, na Sigismund Neukomm, mtungaji kutoka Austria aliyekuwapo, akaandika habari za kumsifu.

Mwaka 1821 mfalme alirudi Ureno. Fedha za muziki zikapungua, na padre akaingia katika umaskini. Alifariki tarehe 18 Aprili, 1830.

Je, kazi yake ilikufa naye? La. Mmoja wa vijana aliowafundisha ni Francisco Manuel da Silva. Huyu ndiye aliyetunga, mwaka 1831, muziki wa wimbo wa taifa wa Brazili, ambao huimbwa hata leo. Tena ndiye aliyeongoza juhudi za kuanzisha chuo cha muziki cha Rio, kilichofunguliwa mwaka 1848, miaka arobaini kabla ya utumwa kukomeshwa katika nchi ile.

Upendeleo wa ikulu ulikuja na merikebu, ukaondoka na merikebu. Lakini elimu iliyotolewa bure katika nyumba ya Rua das Marrecas ilibaki mikononi mwa wanafunzi, nao wakaifikisha kwa taifa zima.