SOMO KWA VIKUNDI: DALILI ZA UBOVU WA DISKI ZA BREKI

Gari la chama ni mali ya wanachama wote. Dereva huliendesha na fundi hulitengeneza, lakini katibu ndiye anayeidhinisha fedha za vipuri. Katibu asiyezijua dalili za breki mbovu huweza kukitia chama hasara kwa njia mbili: kununua kifaa kisichohitajika, au kuahirisha kinachohitajika mpaka gari limshinde dereva mteremkoni, likiwa na mazao na watu.

Kazi ya diski

Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Breki inapokanyagwa, mafuta ya breki husukuma pedi mbili, moja kila upande, zikaibana diski. Mwendo wa gari hugeuka kuwa joto. Pikapu nyingi zina diski mbele na ngoma nyuma. Somo hili lahusu diski.

Dalili na sababu zake

1. Usukani hutetemeka breki ikikanyagwa. Husemwa kwamba diski imepinda. Mara nyingi kasoro ni kuwa unene wake haulingani pande zote. Chanzo huweza kuwa kutu kwenye habu, au nati za gurudumu kukazwa kwa nguvu zisizo sawa. Diski mpya ikifungwa juu ya kutu, mtetemo utarudi. Habu isuguliwe iwe safi, na nati zikazwe kwa kukingamana, kwa kipimo cha mtengenezaji.

2. Chuma husaga chuma. Pedi zimekwisha na diski inaliwa. Gari lisimamishwe mara moja.

3. Gari huvuta upande mmoja, au gurudumu moja huwa moto kuliko jingine. Huenda kalipa imekwama. Kubadili diski pekee hakutaondoa tatizo.

4. Pedeli huzama katika mteremko mrefu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Mafuta mapya ya DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Sentigredi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Yakichemka, mvuke hubonyea na nguvu ya mguu haifiki kwenye pedi. Kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Katika miteremko kama ule wa kutoka Soni kwenda Mombo, dereva aingize gia ndogo mapema ili injini ilizuie gari.

Kukereza au kununua

Diski nyingi zimechapwa kipimo cha unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Fundi apime kwa maikromita mahali kadhaa kuizunguka diski. Iliyo chini ya kipimo, au yenye ufa uliofika ukingoni, itupwe. Kukereza huipunguza zaidi. Diski za ekseli moja hubadilishwa zote mbili, pamoja na pedi mpya. Kutu nyepesi ya usiku mmoja si ubovu. Huondoka breki zikikanyagwa mara chache.

Wajibu wa chama

Katibu aweke daftari la gari lenye tarehe, kilometa, na unene wa pedi na diski. Fedha zisitolewe kabla fundi hajaandika sababu ya ubovu, si jina la kipuri tu. Vumbi la breki lisipulizwe, kwani huweza kuwa na asbesto. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Kishawishi huwa kikubwa wakati wa mavuno, ambapo kila siku ya gari kusimama ni mazao kulala ghalani. Hata hivyo, kamati iliyoelezwa kwamba pedi zimekwisha ikaruhusu safari moja zaidi, imebeba dhamana ya maisha ya waliomo garini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini mtetemo huweza kurudi baada ya kununua diski mpya?
2. Daftari la gari la chama chenu linaonyesha nini kuhusu breki?
3. Nani katika chama chenu ana mamlaka ya kulisimamisha gari msimu wa mavuno?